Jina Lako Kwenye Orodha ya Mafunzo

Kazi ya kwanza niliyopewa nilipoajiriwa idara ya utumishi, katika kiwanda ambacho sitakitaja, ilikuwa kuandika majina matano ya watu wa kwenda kozi ya siku kumi Morogoro. Meneja aliniambia nichague "wanaofaa." Nilimaliza orodha kabla chai haijapoa: wawili wa uhasibu, mmoja wa masoko, msimamizi wa ghala, na kijana mwenye shahada ambaye hakuwa hata ametimiza miezi saba kazini. Kozi ilihusu usalama wa mitambo. Kati ya hao watano hakuna aliyewahi kushika mtambo.

Sikuhongwa, wala sikuwa na kinyongo na mtu. Niliandika majina ya watu niliokuwa nikiwaona. Waendesha mitambo waliingia saa kumi na mbili asubuhi kwa geti la nyuma, wakatoka saa nane mchana kwa geti hilo hilo, na mimi nikawajua kwa namba zao za malipo tu. Ilinichukua miaka na orodha nyingi kutambua kwamba jina huingia kwa mambo mawili: mtu anaonekana, na bosi anaamini kwamba fedha atakayoitumia kwake itarudi. Mwongozo huu ni wako wewe wa geti la nyuma. Nitakueleza hesabu inavyopigwa upande ule wa meza, ili siku ukienda kuomba uende nayo mkononi.

Bosi anaogopa nini

Mwajiri akikataa kukupeleka kozi, usikimbilie kumwita mchoyo. Anaogopa kumsomeshea jirani. Akulipie ada, akulipe mshahara ukiwa darasani, amtafute wa kukushikia nafasi, kisha urudi na cheti, kampuni ya pili ikuongezee laki moja, uhame. Aliyelima ni yeye, anayevuna ni mwingine.

Hofu hiyo ilichambuliwa na mchumi wa Marekani, Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964, Human Capital. Mwaka 1992 alipewa Tuzo ya Nobel. Becker aligawa ujuzi mafungu mawili. Upo ujuzi unaofaa popote: kuchomelea, kuendesha foklifti, kutunza vitabu vya hesabu, kuzungumza Kiingereza na mgeni wa hoteli. Na upo unaofaa hapo ulipo tu: mpangilio wa ghala lenu, programu ya malipo iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni yenu peke yake, tabia za boila ile yenye kiburi isiyowaka mpaka uigonge ubavuni. Huu wa pili mwajiri yuko tayari kuuchangia, maana ukiondoka utauacha getini. Ule wa kwanza, alisema Becker, mfanyakazi ataulipia mwenyewe hata kama hatoi shilingi mfukoni. Ataulipia kwa kupokea mshahara mdogo wakati anajifunza.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, pita kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam. Kijana anaosha vipuri kwa dizeli, anatumwa chai, anashika tochi fundi akiwa chini ya gari, na jioni anapewa hela ya kula. Pengo kati ya kazi aliyoifanya na hela ile ndiyo ada yake ya shule. Saidia fundi kwenye jengo ni vivyo hivyo. Tatizo la shule hii ni kwamba haina risiti wala siku ya mahafali, na wapo wanaolipa ada ya miaka sita kwa somo la miaka miwili. Kama una mdogo wako gereji, muulize kila mwisho wa mwezi amejifunza nini ambacho mwezi uliopita hakukijua. Akikosa jibu mara tatu mfululizo, amekwisha kuhitimu siku nyingi na sasa anafanya kazi bure.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachumi wawili, Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke, walirudi kwenye hoja ya Becker wakiwa na swali zuri: mbona kampuni za Ujerumani hugharimia uanagenzi wa vijana, tena kwa ujuzi ambao kijana anaweza kuondoka nao kesho? Jibu lao linakuhusu. Mwajiri hukubali kulipia ujuzi wa jumla pale ambapo thamani ya kazi ya mtu inapanda kuliko mshahara wake unavyopanda, na pale ambapo waajiri wengine hawana njia ya kujua ubora wake. Fundi amekuwa hodari, ila huko nje hakuna anayemjua. Tofauti kati ya uhodari wake na mshahara wake inabaki mikononi mwa aliyemfundisha.

Ndiyo sababu kampuni nyingi hupenda mafunzo ya ndani yasiyo na cheti, au yenye karatasi ya rangi nzuri na nembo ya kampuni ambayo nje ya geti haina anayeitambua. Usiyakatae, ujuzi ni ujuzi. Ila fahamu kwamba cheti kinachotambulika ndicho kitakachomfanya mwajiri mwingine akuone, na bosi wako anajua hivyo kabla yako. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kozi yoyote, uliza cheti kitatolewa na nani na kitakabidhiwa kwa nani. Nimeona vyeti halisi vya watu vikikaa kabatini kwa meneja miaka mitatu, chini ya kufuli.

Wakikwambia hakuna bajeti

Jibu la "hatuna bajeti" ni la kweli nusu. Tanzania Bara mwajiri anayefikia idadi ya wafanyakazi iliyowekwa hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile ambayo ofisini huitwa SDL. Ilikuwa asilimia 6 ya jumla ya malipo ya wafanyakazi, ikashushwa hadi 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, baadaye 4, kisha 3.5 mwaka 2023. Mwaka 2021 idadi ya wafanyakazi inayomwingiza mwajiri kwenye tozo nayo ilipandishwa, kutoka 4 hadi 10. Kiwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, hivyo tazama ya mwaka huu kabla hujaenda kubishana na mhasibu. Anayelipa ni mwajiri. Ukiikuta kwenye hati yako ya mshahara miongoni mwa makato, nenda kaulize siku hiyo hiyo.

Ipigie hesabu. Kampuni ya watu 100 wanaolipwa wastani wa shilingi 500,000 ina mishahara ya milioni 50 kwa mwezi. Kwa asilimia 3.5 ile ya mwaka 2023, tozo ni 1,750,000 kwa mwezi, yaani milioni 21 kwa mwaka. Inalipwa hivyo hivyo, mwajiri awe amefundisha watu 60 au hajamfundisha hata mmoja. Tena kwa miaka mingi ni theluthi moja tu iliyokuwa ikienda VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994; theluthi mbili zilikwenda kwenye mahitaji mengine ya serikali. Waajiri wamelilalamikia hilo sana, na kwa maoni yangu wana haki. Mtu aliyekwisha kulipia mafunzo mara moja serikalini hana hamu ya kuyalipia tena chuoni. Ndipo na wewe unapopata pa kuingilia: tafuta kozi fupi za VETA zinazohusu kazi yako, pata bei yake kwa maandishi, na uipeleke. Bosi anayesema "tumeshalipa" ni rahisi kumwambia kwamba hapa ndipo anapoweza kukirudisha kidogo alicholipa.

Kenya mambo yamepangwa tofauti. Mwajiri hulipa shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kila mwezi, yaani 600 kwa mwaka, na aliyechangia anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, mradi mafunzo yameidhinishwa kabla hayajafanyika na mkufunzi amesajiliwa. Kwa hiyo mfanyakazi wa Mombasa ana swali ambalo mwenzake wa Tanga hana: "Je, kozi ile tuliiombea idhini ya NITA mapema?" Kampuni ndogo nyingi haziombi. Zinaona karatasi ni nyingi kuliko fedha.

Mbona ni wale wale

Mwenye nacho huongezewa. Nchi zinazopima jambo hili, tajiri kwa maskini, hukuta sura ile ile: wanaopata mafunzo kazini zaidi ni wenye elimu zaidi tayari, walio kwenye kampuni kubwa, na wenye ajira ya kudumu. Kibarua, mlinzi wa kampuni ya ulinzi anayelinda geti la wengine, mama wa usafi aliyeletwa na mkandarasi, hawa hawamo kwenye orodha hata kwa bahati. Hesabu ya bosi inaeleza sehemu kubwa: mtu wa mkataba wa miezi mitatu ataondoka kabla fedha haijarudi. Na aliyezoea darasa hujifunza haraka, kwa hiyo siku zake za kukosekana kazini ni chache.

Lakini hesabu haielezi yote, na hapa nitajisema mwenyewe. Sehemu iliyobaki ni uvivu wa waandika orodha. Sehemu ni posho: kozi ya nje ya mji ina hela ya kujikimu na nauli, kwa hiyo inagawanywa kama nyama ya sikukuu, wakubwa kwanza. Nilimfahamu dereva wa mradi mmoja aliyefika kwenye semina nyingi kuliko afisa yeyote wa ofisi yao. Zote alizihudhuria akiwa ndani ya gari, kiti kimelazwa nyuma, redio chini chini. Sehemu nyingine ni lugha. Kozi ya usalama ikiendeshwa kwa Kiingereza, kwa picha za kitabu cha ng'ambo, umekwisha kuchagua nani aelewe. Na sehemu ni saa. Mafunzo ya jioni, au ya kulala mbali siku kumi, yanamwondoa mama mwenye mtoto anayenyonya bila mtu yeyote kuandika kwamba wanawake hawatakiwi.

Hatujaanza leo kujaribu kulirekebisha hili. Mwaka 1973 agizo la Waziri Mkuu wa Tanzania, Rashidi Kawawa, lilitaka sehemu za kazi ziwe na elimu kwa wafanyakazi wote, wakati ule nchi ikiwa kwenye kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Wazee waliokuwa viwandani enzi hizo bado wanazungumzia madarasa hayo. Yalikuwa na kasoro zake, lakini hayakumuuliza mfagizi kama fedha yake itarudi.

Kwa hiyo ukiomba, ombea na mahali, saa na lugha. "Mkufunzi aje hapa, saa nane mpaka saa kumi, kwa Kiswahili" ni ombi linaloweza kuwa rahisi kwa kampuni kuliko kusafirisha watu watano, na linawaingiza watu ishirini. Kama kozi ni ya lazima na inafanyika Jumamosi, uliza mapema inahesabiwaje: kisheria saa za kawaida za kazi Tanzania haziwezi kuzidi 45 kwa wiki.

Kuomba

Barua nyingi nilizopokea zilikuwa na mistari minne ya heshima na taadhima, mmoja wa ombi, na mitatu ya kumwombea meneja afya njema. Zote niliziweka kwenye faili. Mwaka wangu wa tatu, mwendesha boila mmoja alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa penseli. Aliandika idadi ya siku boila iliposimama mwaka ule, fundi wa nje alilipwa ngapi kila mara, na bei ya kozi ya wiki mbili. Meneja alisoma akiwa amesimama. Yule wa boila alikwenda kozi.

Nawe fanya hivyo. Tuseme uko kiwanda cha nguo, mshahara 400,000 kwa mwezi, unataka kozi ya wiki mbili ya matengenezo ya cherehani za kiwandani. Ada ni 450,000. Mshahara wako wa wiki hizo mbili ambao hutaufanyia kazi ni 200,000. Kibarua wa kukushikia ni 150,000. Jumla ni 800,000, na hiyo ndiyo bei anayoiona bosi. Wewe unaona 450,000, ndiyo maana hamwelewani. Upande wa pili: fundi wa nje huitwa mara mbili kwa mwezi kwa 30,000 kila safari, yaani 60,000. Ukirudi, kazi hiyo utaifanya wewe. Ukiomba nyongeza ya 20,000, kampuni inabakiwa na 40,000 kila mwezi, na fedha yake yote imerudi baada ya miezi 20. Ziandike namba hizo, hata kama ni za kukadiria, na useme umezitoa wapi. Barua isizidi ukurasa mmoja. Mkabidhi msimamizi wako kwanza, kwa sababu akirukwa ataizuia, na nakala ipeleke utumishi, uombe wakugongee muhuri wa kupokea.

Wakikataa ada, usiondoke na hapana tupu. Omba kinachokugharimu wewe na wao kidogo: kuzungushwa idara, wiki moja pembeni ya fundi mkuu, ruhusa ya kuhudumia mashine mpya siku inapofungwa. Sehemu kubwa ya ufundi tulionao tuliupata pembeni ya mtu anayejua, na hakuna meneja anayehitaji kutia sahihi hundi kwa hilo. Weka daftari. Andika tarehe na ulichofanya, na umwombe fundi akutilie saini.

Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, usiombe peke yako. Kwenye mkataba wa hali bora hujadiliwa mishahara, usafiri na msiba, halafu mafunzo yanapewa sentensi moja mwishoni isiyombana mtu. Dai sentensi ya pili: kwamba orodha ya kila kozi ibandikwe ubaoni wiki mbili kabla, pamoja na sababu ya kila jina. Niamini mimi niliyekuwa naziandika. Orodha yangu ya kwanza isingepona ubaoni hata nusu saa.

Bondi

Akikubali, ataleta karatasi ya kukufunga: kwamba baada ya kozi utatumikia muda fulani, na ukiondoka kabla utalipa. Si dhuluma kwa yenyewe, ni jibu lake kwa ile hofu ya kumsomeshea jirani. Isome kwa kutumia hesabu uliyokwisha kuipiga. Kwa kozi ya 800,000 inayojirudisha kwa miezi 20, bondi ya miaka miwili inakaribia ukweli. Ya miaka mitano imeongezwa tamaa.

Angalia deni linapungua au limesimama. Bondi ya haki hushuka kila mwezi: ukiondoka baada ya miezi 12, kampuni imeshapata 480,000 na unadaiwa 320,000. Bondi mbaya hukudai 800,000 hata ukiwa umebakiza wiki moja. Angalia pia gharama zilizoingizwa humo. Ada na nauli sawa. Mshahara uliolipwa ukiwa kwenye kozi uliyotumwa na mwajiri, kataa ukiweza. Uliza kilichoandikwa endapo wao ndio watakaokuachisha kazi au kupunguza wafanyakazi. Kama hakuna kitu, andika kwa mkono kwamba hapo deni linafutika, mtie sahihi wote wawili.

Mahali pa kusoma mara mbili ni kifungu cha makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa deni bila ridhaa yako ya maandishi, na ridhaa hiyo mara nyingi imefichwa ndani ya bondi, mstari wa mwisho, herufi ndogo. Ukisaini umeitoa. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka kikomo: jumla ya makato yote isipite theluthi mbili ya mshahara. Mgogoro ukizuka Tanzania, mlango wa kwanza ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko wataomba karatasi.

Usiye na mkataba

Kama ni kibarua, au umejifunza gerejini na hakuna aliyewahi kukuandikia jina popote, usisubiri orodha ya mtu. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa ukifanya kazi, unajaziwa palipopungua kwa mafunzo mafupi, unapewa cheti. Programu ya serikali ya kukuza ujuzi imekuwa ikigharimia baadhi ya watu, kwa hiyo uliza kwanza chuo kilicho karibu kama nafasi zipo kabla hujalipa. Kenya kuna majaribio ya ufundi ya NITA, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Lile daftari la tarehe na saini za fundi, nenda nalo.

Na kwa aliyepelekwa kozi na bosi: siku vyeti vinapogawiwa, pokea halisi kwa mkono wako, toa nakala njiani, nakala hiyo ndiyo ipeleke ofisini. Halisi ilale nyumbani kwako.